Uga Sare wa Umeme Hupima Nini Hasa?

Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tano na sita huikuta hesabu hii mapema. Mabamba mawili ya chuma yamewekwa sambamba, moja limeunganishwa na ncha chanya ya betri na jingine na ncha hasi. Kati yao kuna uga sare wa umeme, maana yake nguvu ya uga na mwelekeo wake havibadiliki kutoka nukta moja hadi nyingine. Chembe yenye chaji ikiingia kutoka ubavuni husukumwa kuelekea bamba mojawapo huku ikiendelea mbele kwa kasi iliyokuja nayo, na njia yake inajipinda kuwa parabola. Mwalimu anataja jiwe lililorushwa, darasa linakokotoa, somo linaisha. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, ila inapita haraka juu ya jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mada nzima: uga sare wa umeme, ukiachwa peke yake, hauwezi kukuambia ni chembe gani iliyopita. Utakueleza chaji yake ni hasi au chanya, kwa kuangalia imepindia upande gani. Zaidi ya hapo unapima kitu kimoja tu, nishati ya mwendo ya chembe ikigawanywa kwa chaji yake. Ili kuijua chembe yenyewe, lazima uga huo ushindanishwe na kitu kingine. Ukiliweka hilo mbele, utaelewa kwa nini elektroni iligunduliwa kwa namna ilivyogunduliwa, na kwa nini watu hodari waliotangulia walikosa.

Tuanze na tofauti kati ya jiwe na elektroni, kwa sababu hapo ndipo mfano wa darasani unapoanza kupotosha. Mvutano wa dunia huvipa vitu vyote mchapuko mmoja, mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kwa kuwa tungamo inayovutwa ndiyo hiyo hiyo inayokaidi kusogezwa. Ndani ya uga wa umeme kinachovutwa ni chaji na kinachokaidi ni tungamo, na hivi viwili havina mapatano yoyote. Mchapuko unapatikana kwa kuzidisha chaji na nguvu ya uga, kisha kugawanya kwa tungamo. Chukua mabamba yaliyoachana kwa sentimita 2, yenye tofauti ya volti 200, yaani uga wa volti 10,000 kwa mita. Elektroni humo hupata mchapuko wa takriban mita trilioni 1,760 kwa sekunde katika kila sekunde, mara trilioni 180 ya ule unaoletwa na mvutano wa dunia. Ndiyo maana uzito wa elektroni huachwa nje ya hesabu bila wasiwasi. Protoni ina chaji yenye ukubwa sawa lakini tungamo yake ni mara 1,836, hivyo mchapuko wake ni mdogo kwa kiwango hicho hicho. Mtu akiishia hapa ataamini kwamba uga utazichambua chembe wenyewe: nyepesi zipinde sana, nzito zipinde kidogo.

Haiwi hivyo. Chembe haifiki kwenye mabamba na kasi iliyookotwa njiani. Katika mirija ya majaribio karibu yote kasi hiyo imetolewa na umeme pia, kwa kuipitisha chembe katika tofauti fulani ya volti kabla haijaingia. Elektroni iliyoanza ikiwa imetulia na kupitishwa katika volti 2,000 hutoka na kasi ya kilomita 26,500 kwa sekunde. Protoni iliyopitishwa katika volti hizo hizo, ncha za betri zikiwa zimegeuzwa, hutoka na kilomita 620 kwa sekunde. Sasa ziingize, moja baada ya nyingine, katikati ya mabamba yenye urefu wa sentimita 5, yaliyoachana kwa sentimita 1.5 na yenye volti 100. Elektroni inamaliza safari hiyo kwa nanosekunde 1.9 hivi. Protoni inachukua nanosekunde 81. Inasukumwa kwa ulegevu, lakini inasukumwa kwa muda mrefu zaidi. Na kwa kuwa umbali wa kupinda unategemea mchapuko pamoja na mraba wa muda, mchapuko uliopungua mara 1,836 unafutwa na mraba wa muda ulioongezeka mara 1,836. Zote mbili zinatoka zikiwa zimehama milimita 2.1 kutoka kwenye mstari wa awali, moja upande huu na nyingine upande ule. Katika fomula ya mwisho chaji haimo na tungamo haimo. Vilivyobaki ni urefu wa mabamba, nafasi kati yao, na uwiano wa volti zilizopindisha na volti zilizoharakisha.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni matokeo ya mpangilio mmoja tu, kwamba nimechagua chembe zilizoharakishwa kwa volti sawa ili zifanane. Pingamizi hilo lina haki ya kujibiwa. Tuchukue basi chembe iliyotoka kusikojulikana, kwa mfano kutoka katika kipande cha radiamu, ikiwa na kasi ambayo hatukuipanga. Mpindo wake kati ya mabamba utatupa tungamo mara mraba wa kasi, gawanya kwa chaji. Namba moja imebeba mambo matatu tusiyoyajua. Chembe nzito inayokwenda polepole na chembe nyepesi inayokwenda kasi zinaweza kuacha alama mahali pamoja kwenye kioo, na hakuna hila ya kubadilisha volti wala kurefusha mabamba itakayozitenganisha, kwa sababu kila badiliko litazigusa zote mbili kwa uwiano ule ule.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati miali ya kathodi, ile inayotoka kwenye ncha hasi ndani ya mrija uliopunguzwa hewa, ilipowagawanya wanasayansi wa Ulaya. Mwaka 1883 Heinrich Hertz alipitisha miali hiyo kati ya mabamba mawili ndani ya mrija, akaunganisha betri, na hakuona mpindo wowote. Akahitimisha kwamba miali haina chaji. Mwaka 1895 Jean Perrin, huko Ufaransa, aliikusanya miali ndani ya silinda ya chuma na kukuta imeleta chaji hasi. Matokeo haya mawili yalikuwa yanagongana, na J. J. Thomson wa maabara ya Cavendish, Cambridge, aliporudia jaribio la Hertz, mwanzoni naye hakuona kitu. Kilichomtofautisha ni kwamba alitafuta sababu. Hewa iliyosalia ndani ya mrija ilikuwa ikigeuzwa na miali yenyewe kuwa kipitisha umeme. Ioni zilikusanyika karibu na mabamba na kuuzima uga katikati. Mabamba yalikuwa na volti, lakini mahali ilipopita miali karibu hapakuwa na uga kabisa. Alipoiondoa hewa kwa ukamilifu zaidi, mpindo ulionekana hata kwa volti 2, na uliongezeka sambamba na volti.

Naona somo hili ni zito kuliko linavyosimuliwa kwa kawaida. Hertz alikuwa mtaalamu wa umeme asiye na mfano katika zama zake. Huyu ndiye aliyethibitisha kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Alichodhani ni kwamba uga kati ya mabamba ni ule unaoandikwa kwenye karatasi, volti gawanya kwa umbali. Usare wa uga ni hali ya kutengenezwa na kulindwa, na anayeutumia bila kuukagua anapima kitu kingine.

Thomson alipoupata mpindo wa umeme bado hakuwa ameijua chembe, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Hatua iliyofungua njia ilikuwa kuleta uga wa sumaku mahali pale pale. Kani ya sumaku hutegemea kasi ya chembe, na ya umeme haitegemei. Alirekebisha sumaku mpaka mpindo wake ukalingana na ule wa umeme. Hapo kasi ya chembe ni nguvu ya uga wa umeme gawanya kwa nguvu ya uga wa sumaku, bila kuhitaji kujua chaji wala tungamo. Akapata kasi za kilomita 22,000 hadi 36,000 kwa sekunde, takriban sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Kasi ikishajulikana, mpindo wa umeme unatoa uwiano wa chaji kwa tungamo. Uwiano huo ulikuwa mkubwa takriban mara elfu moja kuliko wa ioni ya haidrojeni, na haukubadilika alipobadilisha gesi ndani ya mrija au metali ya kathodi. Wastani wake ulikuwa chini ya nusu ya thamani tunayoikubali leo, lakini katika tofauti ya mara elfu, kosa la mara mbili halikuweza kuficha ukweli.

Kuna jambo katika makala yake ya Oktoba 1897 ambalo kwangu ndilo ushahidi bora wa hoja hii. Kabla ya njia ya mabamba, Thomson aliieleza njia nyingine isiyotumia uga wa umeme kupindisha miali. Aliiacha miali igonge kipimajoto cha umeme, akapima joto lililotokea, akapima pia chaji iliyofika, kisha akapima jinsi sumaku inavyoipinda miali. Joto gawanya kwa chaji ni nishati kwa kila kipimo cha chaji, yaani kile kile ambacho mabamba mawili yanapima. Katika njia ya kwanza kipimajoto kilichukua nafasi ya mabamba. Katika ya pili mabamba yalichukua nafasi ya kipimajoto. Sumaku haikuweza kuachwa katika njia yoyote kati ya hizo.

Miaka michache baadaye alizielekeza nyuga zote mbili upande mmoja na kupitisha miali chanya ya gesi mbalimbali. Kila uwiano wa chaji kwa tungamo ulichora parabola yake kwenye bamba la picha, na chembe za aina moja zenye kasi tofauti zikajipanga juu ya mkunjo huo huo mmoja. Katika neoni palitokea mikunjo miwili, mmoja wa tungamo 20 na mwingine wa tungamo 22, na matokeo hayo aliyoyatangaza mwaka 1913 yakawa dalili ya kwanza ya isotopu katika elementi isiyo nururifu. Uga wa umeme peke yake ungezipanga ioni zote hizo kwa nishati na kuziacha zimechanganyika.

Hoja hii ina ushahidi hata nje ya maabara za utafiti, katika televisheni za zamani za mrija. Miali ndani ya televisheni ilipindishwa kwa koili za sumaku. Pamoja na elektroni, kathodi ilikuwa ikitoa ioni hasi chache, nazo ziliharakishwa na volti zile zile. Sumaku iliyozungusha elektroni kioo kizima iligusa ioni hizo kidogo mno kwa uzito wao, hivyo zikagonga katikati ya kioo siku nenda siku rudi mpaka likatokea doa la hudhurungi. Watengenezaji walilazimika kuweka mtego wa ioni shingoni mwa mrija, na baadaye kukipaka kioo utando wa alumini kwa ndani. Mirija ya osiloskopu, iliyopindisha miali kwa mabamba ya umeme, haikuhitaji mtego huo. Ioni zilipinda sawasawa na elektroni na kusambaa pamoja nazo. Fomula isiyo na tungamo ndani yake ilikuwa ikijionyesha kwenye vioo vya watu, kwa kuwepo au kutokuwepo kwa doa.

Pingamizi kubwa zaidi linahusu wakati. Nimesema elektroni na protoni hufuata njia ya umbo lile lile, lakini moja huimaliza kwa nanosekunde 1.9 na nyingine kwa 81. Mwenye saa ya kutosha angezitambua bila sumaku yoyote. Hilo ni kweli, na mashine zinafanya hivyo. Mwaka 1955 W. C. Wiley na I. H. McLaren walichapisha muundo wa spektromita inayoziharakisha ioni kwa uga wa umeme, kuziachia nafasi tupu zikimbie, na kupima muda wa kufika. Muda huo hufuata kipeuo cha pili cha tungamo gawanya kwa chaji. Leo maabara za hospitali hutambua bakteria kwa njia ya aina hiyo. Hata hivyo, saa si sehemu ya uga. Mwenye saa anapima kasi moja kwa moja, kama Thomson alivyoipima kwa sumaku, na akiisha kuwa na kasi pamoja na nishati, tungamo inajitokeza. Pingamizi hili linaipa hoja yangu mfano mmoja zaidi.

Robert Millikan alitumia mshindani wa aina nyingine. Uwiano wa chaji kwa tungamo hausemi chaji yenyewe ni kiasi gani, na kuanzia 1909 yeye na mwanafunzi wake Harvey Fletcher walilishughulikia swali hilo katika chuo kikuu cha Chicago kwa matone madogo ya mafuta. Katika kifaa chake, mabamba ya duara yenye kipenyo cha sentimita 22 yalikuwa yameachana kwa milimita 16 na kupewa volti 5,000 hivi. Tone lenye nusukipenyo cha maikromita moja lina uzito wa takriban nyutoni 0.000000000000037, na katika uga huo chaji moja tu ya elektroni inatosha kulizuia lisianguke. Hapa mwendo haufanani hata kidogo na parabola ya darasani. Hewa hulishika tone mara moja kwa mnato wake, mchapuko unakoma, na tone linashuka au kupanda kwa kasi isiyobadilika, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde. Kasi ya kushuka bila uga inatoa ukubwa wa tone. Kasi ya kupanda ndani ya uga inatoa chaji. Uga ulishindanishwa na mvutano wa dunia na mnato wa hewa. Thamani aliyoitoa Millikan mwaka 1913 ilikuwa pungufu kwa chini ya asilimia moja, na upungufu huo ulitokana hasa na thamani ya mnato aliyoitumia. Uga ulifanya kazi yake. Kosa lilitoka kwa mshindani wake.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu unahusu kitu kisichokuwepo, kwani hakuna uga ulio sare kabisa. Kwenye kingo za mabamba mistari ya uga hutuna nje, na mtuno huo hufikia umbali unaokaribiana na nafasi kati ya mabamba. Mabamba ya Thomson, yenye urefu wa sentimita 5 na nafasi ya 1.5, yalikuwa na kingo zenye uzito mkubwa katika hesabu. Ya Millikan, mapana karibu mara kumi na nne ya nafasi yao, yalikuwa salama zaidi katikati. Lakini kingo zisizo sare hazibadilishi hoja yangu. Katika uga wowote wa umeme usiobadilika na wakati, uwe sare au wa umbo lolote, chembe zenye chaji ya ishara moja zinazoanza kutoka katika utulivu mahali pamoja hufuata njia moja bila kujali uwiano wa chaji kwa tungamo. Usare unarahisisha hesabu tu; upofu ni wa uga wa umeme kwa jumla.

Upofu huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni kasi ya mwanga. Yote niliyoyasema yanafuata fizikia ya Newton, ambamo nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Chembe ikikaribia kasi ya mwanga uhusiano huo unavunjika, na parabola nayo inaacha kuwa parabola: inakuwa ule mkunjo wa waya unaoning'inia kati ya nguzo mbili. Katika televisheni ya volti 25,000 elektroni hufikia asilimia 30 ya kasi ya mwanga, na tukikokotoa, mpindo wake kati ya mabamba ungezidi ule wa protoni ya volti hizo hizo kwa asilimia 2 na ushei. Katika volti 511,000 unazidi kwa theluthi moja. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba hapa uga wa umeme peke yake umeanza kuona. Nakubali, kwa sharti moja: umeona kwa sababu maumbile yenyewe yameleta kipimo cha pili. Kasi ya mwanga inaigeuza tungamo ya elektroni kuwa nishati maalumu, na volti zilizotumika zinaweza kulinganishwa nayo.

Kuufikia ukweli huo kwa majaribio kulikuwa kugumu. Walter Kaufmann, kuanzia 1901, alitumia nyuga za umeme na sumaku pamoja kuipinda miali ya radiamu, akaona uwiano wa chaji kwa tungamo ukipungua kadiri kasi inavyopanda. Vipimo vyake vya 1905 na 1906 alivisoma kuwa vinapinga nadharia ya uhusianifu ya Lorentz na Einstein. Max Planck alivichunguza upya na kuhoji kama uga kati ya mabamba ya Kaufmann ulikuwa kweli ule uliodhaniwa, maana miali ya radiamu ingeweza kuitia ioni hewa iliyosalia. Tatizo la Hertz lilikuwa limerudi, safari hii katika swali la umbo la wakati na nafasi. Vipimo vya Alfred Bucherer vya 1908 vikaelekea upande wa Lorentz na Einstein, ingawa mabishano juu ya usahihi wake yaliendelea kwa miaka.

Mwaka 1964 William Bertozzi wa MIT alirudi kwenye vipimo viwili ambavyo mada hii huvihitaji daima, saa na kipimajoto. Aliharakisha elektroni kwa nishati zilizojulikana, akapima muda wao wa kusafiri mita 8.4, na kwa baadhi ya nishati akapima pia joto zililoliacha pale zilipogonga. Kwa volti milioni 1.5, Newton angetabiri kasi ya mara 2.4 ya mwanga. Saa ilionyesha kidogo chini ya kasi ya mwanga yenyewe. Joto, kwa upande wake, lililingana na chaji mara volti.